Kigango kilichopotea miaka 14, na hifadhidata ambayo haikuwepo

Leo naomba tuweke kando habari za simu mpya na lugha za programu. Nataka kuwasimulia kisa cha wizi, halafu niwaonyeshe kwa nini kisa hicho kinatuhusu sisi tunaoshinda mbele ya tarakilishi tukiunda majedwali.

Mwaka wa 1985, mwanaanthropolojia Mmarekani, Monica Udvardy, alikuwa akifanya utafiti miongoni mwa Wagiriama katika pwani ya Kenya. Siku moja alimpiga picha mzee aitwaye Kalume Mwakiru akiwa karibu na vigango viwili. Kwa wasiojua, kigango ni nguzo ya mti iliyochongwa, ambayo husimikwa kwa ajili ya mzee aliyefariki akiwa mwanachama wa chama cha wazee cha Gohu. Si sanamu ya kupamba sebule. Inaaminika kwamba roho ya marehemu iko hapo, na kigango kikishasimikwa hakihamishwi. Vile viwili vilikuwa vya ndugu zake mzee Kalume.

Udvardy alikwenda kusafisha picha, na baada ya muda akarudi kumpa mzee nakala yake. Alikuta vigango vyote viwili vimeibwa. Mzee Kalume alifariki mwaka wa 1987 bila kuviona tena.

Sasa ruka hadi mwaka wa 1999. Kwenye mkutano wa wataalamu wa masomo ya Afrika huko Marekani, mtafiti mwingine, Linda Giles, alikuwa akionyesha slaidi za vigango vilivyomo katika majumba ya makumbusho ya nchi hiyo. Udvardy, aliyekuwa akitazama, akakitambua kimoja. Kilikuwa cha mzee Kalume, na kilikuwa kimehifadhiwa katika mkusanyo wa Illinois State University. Cha pili kilikuja kupatikana katika jumba la makumbusho la Hampton University, jimbo la Virginia. Vilikuwa vimepita mikononi mwa wafanyabiashara na wakusanyaji wa sanaa, kisha vikatolewa kama zawadi kwa majumba hayo.

Kati ya picha na jibu ilipita miaka 14! Na jibu lenyewe lilipatikana kwa bahati, kwa sababu watu wawili walikaa chumba kimoja na mmoja wao alikuwa na kumbukumbu nzuri. Mimi kama mtayarishaji wa programu, nikisoma kisa hiki naona swali moja la hifadhidata: nipe kila kitu ambacho mahali kilikotoka ni Kenya, jamii ni Wagiriama, na aina ni nguzo ya ukumbusho. Swali kama hilo seva ya kawaida hulijibu kabla hujapepesa jicho. Tatizo ni kwamba mwaka wa 1985 hakukuwa na jedwali la kuuliza.

Hebu basi tuangalie jedwali hilo lilivyokuja kupatikana, nani alilijenga, na nini bado hakimo ndani yake.

Kabla ya intaneti, kila jumba la makumbusho na kila maktaba ilikuwa na kadi zake ndani ya droo zake. Kitu kimoja huku kimeandikwa "nguzo", kule "sanamu", kwingine "kifaa cha kaburi". Mahali kilikotoka pengine ni "Afrika Mashariki" tu, basi. Hata kadi hizo zilipoanza kuingizwa kwenye tarakilishi, kila taasisi ilichagua visanduku vyake. Huwezi kuunganisha majedwali mawili ambayo safu zake hazifanani. Yeyote aliyewahi kupewa lahajedwali tatu kutoka ofisi tatu na kuambiwa "ziunganishe tu" anajua machozi ninayozungumzia.

Mwezi wa Machi 1995, wakutubi na watu wa tarakilishi walikutana mjini Dublin, si ule wa Ireland bali Dublin ya jimbo la Ohio, Marekani, kutafuta orodha fupi ya visanduku ambavyo kila mtu angeweza kuvijaza. Kazi iliyoanzia hapo ilizaa orodha iitwayo Dublin Core, yenye visanduku 15: jina la kitu, aliyekitunga, tarehe, mada, lugha, haki na kadhalika. Maelezo ya namna hii ndiyo yanaitwa metadata, yaani habari kuhusu kitu, si kitu chenyewe. Mwaka wa 2001 ikafuata itifaki ya OAI-PMH. Jina ni gumu lakini kazi yake ni nyepesi: seva moja inaiendea seva nyingine na kuiambia, "nipe maelezo ya vitu vyote ulivyoongeza tangu nilipokuja mara ya mwisho." Wenyewe wanaiita kuvuna, na kwa kweli ni kuvuna. Mkulima anabaki na shamba lake, wewe unachukua mavuno tu na kuyaweka ghala moja na ya wengine.

Weka akilini visanduku vile 15, tutavirudia.

Ghala kubwa la kwanza lililotikisa dunia lilitokana na wivu, na simaanishi wivu mbaya. Desemba 2004 kampuni ya Google ilitangaza kwamba itaskani vitabu vya maktaba kubwa, zikiwemo za Harvard, Stanford, Michigan, Oxford na maktaba ya umma ya New York. Huko Ufaransa watu wakashtuka. Jean-Noël Jeanneney, aliyekuwa mkuu wa maktaba ya taifa ya nchi hiyo, aliandika kitabu kizima kuhusu jambo hilo mwaka wa 2005. Hoja yake, kwa ufupi, ilikuwa hii: ikiwa kampuni ya Marekani ndiyo itakayoamua kitabu kipi kitokee kwanza mtu anapotafuta, basi watoto wa Ufaransa wataisoma hata historia yao wenyewe kwa macho ya wengine. Tarehe 28 Aprili 2005, Rais Jacques Chirac pamoja na viongozi wa nchi nyingine tano (Ujerumani, Italia, Uhispania, Poland na Hungary) waliandika barua kwa Umoja wa Ulaya wakitaka maktaba ya kidijitali ya Ulaya.

Tafadhali isome tena hoja ya Jeanneney, halafu weka neno "Wagiriama" au "Wapokomo" pale penye "Ufaransa". Nchi tajiri, yenye jeshi na maktaba yenye mamilioni ya vitabu, iliogopa kwamba orodha ya mali yake itaandikwa na mtu mwingine. Sisi tumeishi hivyo zaidi ya miaka mia moja.

Matokeo ya barua ile ni Europeana, iliyozinduliwa tarehe 20 Novemba 2008 ikiwa na vitu vipatavyo milioni 2 kutoka maktaba, majumba ya makumbusho na hifadhi za nyaraka za Ulaya. Ilianguka siku hiyohiyo! Maombi yalifika milioni 10 kwa saa, seva zikazidiwa, tovuti ikafungwa na kurudi hewani mwezi wa Desemba. Wapo waliocheka. Mimi sikioni kichekesho. Wahandisi walikisia watu wangapi wangejali vitabu vya kale na michoro ya kale, na makisio yao yakawa madogo mno. Watu walikuwa na kiu.

Europeana haikuhamisha michoro wala vitabu. Ilivuna maelezo na picha ndogo, kisha ikampeleka mtafutaji kwa mwenye kitu. Lakini mavuno hayakuwa sawa: mwanzoni zaidi ya nusu ya vitu vilitoka Ufaransa peke yake, kwa hivyo picha ya "Ulaya" uliyoiona ilitegemea nani alikuwa ameshaskani. Septemba 2012 walipiga hatua kubwa zaidi. Waliyaachilia maelezo ya vitu zaidi ya milioni 20 kwa leseni ya CC0, yaani mtu yeyote anaweza kuyachukua na kuyatumia bila kuomba ruhusa. Leo Europeana ina zaidi ya vitu milioni 50.

Haya, sasa turudi kwenye visanduku 15. Vitazame vizuri: kimo kisanduku cha jina la kitu, kimo cha mtungaji, lakini hakuna hata kimoja kinachouliza, "Je, kitu hiki kilifikaje kwenu?" Orodha ile ilitengenezwa na watu wenye vitabu na kurasa za wavuti akilini. Kitabu hununuliwa. Kigango je?

Nilijifunza jambo hili kwa aibu. Mradi wangu wa mwaka wa mwisho chuoni ulikuwa mfumo wa kuorodhesha vifaa vya kiasili. Niliujenga kwa majivuno, na kisanduku cha jina nikakifanya cha lazima, kimoja, kwa Kiingereza. Siku ya kuuwasilisha, mmoja wa wahadhiri aliniuliza swali moja tu: "Mwenye kitu hiki yeye anakiitaje, na wewe umemwekea wapi?" Nikabaki nimekodoa macho. Sikuwa nimemwekea popote. Nilikuwa nimejenga mfumo ambao nyanya yangu asingeweza kutafuta ndani yake kitu alichokitumia maisha yake yote.

Jibu la swali lile nililiona miaka kadhaa baadaye katika mradi wa Digital Benin. Kwanza historia yake. Februari 1897 jeshi la Waingereza liliuvamia mji wa Benin, katika nchi ambayo leo ni Nigeria, likauteketeza na kupora maelfu ya vitu vya kasri ya mfalme: vichwa na mabamba ya shaba, pembe za ndovu zilizonakshiwa, shanga. Mfalme wao, Oba Ovonramwen, alipelekwa uhamishoni Calabar, na huko ndiko alikofia. Vitu vikauzwa na kutawanyika. Kwa zaidi ya miaka mia moja hakuna mtu aliyeweza kusema viko wapi vyote, hata wazao wa waliovitengeneza.

Novemba 2022, tovuti ya Digital Benin ilizinduliwa ikiwa na vitu 5,246 kutoka taasisi 131 za nchi 20. Fikiria kazi hiyo kwa jicho la mtu wa programu. Taasisi 131 ni namna 131 za kuandika tarehe. Ni tahajia kumi za jina lilelile la afisa aliyepora, na wengine wamemwandika kwa cheo tu. Kusafisha data ya namna hiyo si kazi ya kuandika skripti moja usiku mmoja. Inahitaji watu wanaoijua historia wakae na watu wanaojua majedwali.

Lakini kilichonigusa ni kitu kingine. Walikwenda kwa Waedo wenyewe, wakaviainisha vitu kwa majina ya Kiedo na kuyarekodi majina hayo ili uyasikie yanavyotamkwa. Walikusanya pia masimulizi ya wazee. Na majina ya watu ambao mikononi mwao vitu vilipitia wameyapa sehemu yake, unaweza kuyafuata mmoja baada ya mwingine. Yaani kile kisanduku kilichokosekana ndicho walichokiweka mbele.

Je, sisi Kenya? Tunayo hatua yetu. Mradi uitwao International Inventories Programme uliwakutanisha Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, taasisi ya Goethe, makundi ya wasanii ya The Nest na SHIFT, na majumba mawili ya makumbusho ya Ujerumani, la Cologne na la Frankfurt. Waliandikia taasisi za nje wakiuliza swali rahisi: mna nini cha Kenya? Majibu yaliyopatikana yakaingizwa katika hifadhidata yenye vitu zaidi ya 32,000 vilivyomo katika taasisi 30. Mwaka wa 2021 yakafanyika maonyesho Nairobi, kisha Cologne na Frankfurt. Miongoni mwa vilivyoonyeshwa yalikuwamo makabati ya vioo yasiyo na kitu ndani. Hapakuwa na la kueleza zaidi.

Kitu kimoja cha kukumbuka kati ya vile vilivyo nje ni Ngadji, ngoma takatifu ya Wapokomo wa bonde la Mto Tana. Ilichukuliwa na wakoloni mwanzoni mwa karne ya 20, na tangu mwaka wa 1908 imo katika British Museum, London. Ngoma ile ilikuwa ishara ya mamlaka na iliwaita watu pamoja. Leo ni namba kwenye ghala. Namba ni mwanzo, maana bila namba huwezi hata kuandika barua ya madai. Lakini namba haiwezi kupigwa ikasikika Tana.

Hapa ndipo nataka tuwe wakweli. Kuna watu wanaodhani tukishapewa picha nzuri yenye pikseli nyingi basi deni limelipwa. "Si mmeona? Iko mtandaoni." Hapana. Picha ya chakula haishibishi. Kazi ya orodha ya pamoja ni kumaliza kisingizio cha kutojua. Baada ya hapo yanabaki maamuzi ya watu, na maamuzi huchukua muda. Denver Museum of Nature & Science ilitangaza mwaka wa 2014 kwamba ingerudisha vigango 30. Vilifika Kenya mwaka wa 2019. Kwa upande wa Benin, Ujerumani ilitia saini kuhamisha umiliki mwaka wa 2022, na Uholanzi ikarudisha vitu 119 mwaka wa 2025. Rekodi nzuri husaidia, lakini hairudishi kitu nyumbani yenyewe.

Tena kuna hatari nyingine ambayo watu wa teknolojia tunapaswa kuisema kwa sauti. Huko Lamu, Msikiti wa Riyadha, ule uliojengwa na Habib Swaleh, una miswada mingi ya kale, ambayo picha zake zilipigwa kupitia mpango wa Endangered Archives Programme unaoendeshwa na British Library. Mpango huo una kanuni ninayoipenda: miswada ya asili haiondoki katika nchi yake, na nakala za kidijitali zinabaki huku pia. Wengine huona kanuni hiyo kama heshima tu. Oktoba 2023 tuliona ni zaidi ya heshima. Wahalifu wa mtandaoni waliishambulia British Library, na huduma zake nyingi za kidijitali, zikiwemo picha za miswada yake, zikatoweka kwa miezi mingi. Maktaba kubwa kama ile! Ukiwa na nakala moja tu, nayo iko kwa mtu mwingine, huna nakala. Unayo ruhusa ya kutazama, na ruhusa huweza kukatika.

Kwa hivyo wewe kijana mwenzangu ukiitwa kesho kujenga tovuti ya jumba la makumbusho la kaunti yenu, au maktaba ya shule, au mkusanyo wa picha za mzee fulani kijijini, nakuomba mambo manne. Kwanza, jina la kitu liwe katika lugha ya wenyewe, na si moja tu, na sauti yake ikiwezekana. Pili, weka kisanduku cha "kilifikaje hapa", na kisipojazwa, mfumo uonyeshe wazi kwamba hakikujazwa. Pengo linaloonekana humfanya mtu aulize, pengo lililofichwa hulala usingizi. Tatu, kila kitu kiwe na namba isiyobadilika na maelezo yanayoweza kuvunwa na wengine, ili kisibaki kisiwani. Nne, nakala nzima iwe mikononi mwa wenyewe, kwenye diski wanayoweza kuishika, na si kwenye seva ya mfadhili pekee.

Na jambo la tano si la programu. Uliza kwanza kama kitu hicho kinafaa kuonyeshwa. Ngoma au nguzo ambayo hata nyumbani si kila mtu anaruhusiwa kuiona haiwi halali kwa sababu tu umenunua kamera nzuri.

Nimalizie nilipoanzia. Kigango cha Illinois kilikabidhiwa kwa Kenya mwaka wa 2006, na Juni 2007 kikarudishwa kijijini kwa familia ya mzee Kalume, mbele ya umati na kwa ngoma. Cha Hampton nacho kilikubaliwa kurudi. Udvardy, Giles na John Mitsanze wa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya walikuwa wameonyesha kwamba vigango vingine, kwa mamia, vimo katika majumba 19 ya Marekani, na vingi vya hivyo havina picha ya mzee aliyesimama kando yake wala jina la ukoo.

Familia ile ilipata haki kwa sababu picha moja ilikuwepo, yenye jina, mahali na mwaka. Ukitoa picha, hiyo ilikuwa rekodi yenye visanduku vitatu tu, imejazwa vizuri na mtu aliyejali. Kalume Mwakiru hakuishi kuona ikifanya kazi. Lakini ilifanya. Kwa hivyo ukijaza jedwali lako leo jioni, huku umechoka na unatamani kuandika "haijulikani" uende zako nyumbani, mkumbuke mzee yule.

Wasalaam, tukutane makala ijayo.